Mkuu wa studio ya filamu anafanya kazi gani hasa? Jibu kupitia Alan Ladd Jr.

Swali: Nimesoma kwamba Star Wars ilikataliwa na studio mbili kabla ya Alan Ladd Jr. wa 20th Century Fox kuikubali. Huyu bwana hakuandika, hakuongoza, na hela haikuwa yake. Sasa kazi yake ilikuwa ipi? Anaamua kwa kutumia nini, na kwa nini hawa wakuu wa studio hawadumu? Mimi ni prodyuza mdogo hapa Dar, na kila nikikaa mezani na mwenye hela naona kama anaongea lugha nyingine. Naomba jibu la kina.

Jibu: Ndugu, umeanza vizuri ulipotaja vitu ambavyo hakuvifanya. Kazi ya mkuu wa studio inazunguka saini moja, ile inayogeuza skripti kuwa deni. Kabla ya saini hiyo studio imetumia hela ya kusoma, kuandika na kuandika upya, kiasi ambacho kinaweza kufutwa vitabuni bila mtu kukosa usingizi. Baada ya saini, mafundi wanaanza kujenga seti, steringi anadai malipo yake hata filamu ikifa njiani, na kila siku ya kupiga picha ina bei. Mkuu wa studio anabeba lawama za saini hiyo mbele ya bodi, halafu anailinda filamu mpaka ifike kwenye majumba ya sinema. Ladd alikuwa hodari zaidi kwenye kulinda. Kwa hiyo yeye ni mfano mzuri kuliko wakuu wengi waliovuma kumzidi.

Alizaliwa Los Angeles mwaka 1937, mtoto wa Alan Ladd, yule mwigizaji wa Shane (1953). Jina la baba lilimsaidia kufahamiana na watu, lakini kitini alifika kwa ngazi ya kawaida ya wakati ule. Mwaka 1963 aliingia kampuni ya Creative Management Associates kama wakala wa waigizaji, miongoni mwao Judy Garland na Robert Redford. Mwishoni mwa miaka ya 1960 akahamia London akawa prodyuza. Mwaka 1973 akarudi Marekani kujiunga na Fox upande wa ubunifu, na 1976 akawa rais wa kitengo cha filamu. Wakala anajua bei halisi ya kila mtu na nani hasemi kweli kuhusu ratiba yake. Prodyuza anajua hela inavujia wapi. Mtu mwenye elimu zote mbili ni vigumu kumdanganya. Ngazi nyingine zipo: Sherry Lansing, mwanamke wa kwanza kuongoza uzalishaji wa filamu katika studio kubwa ya Hollywood, alikuwa mwalimu wa hisabati, kisha mwigizaji, kisha msomaji wa skripti, na kiti alichokipata mwaka 1980 kilikuwa hapohapo Fox.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Skripti ya kurasa 120 ikifika studio, mkuu haisomi kwanza. Inasomwa na msomaji anayelipwa kwa kazi hiyo, naye anaandika muhtasari wa kurasa chache: hadithi kwa sentensi moja, mtiririko wake, maoni yake, na mwisho neno moja la hukumu, yaani ikataliwe, ifikiriwe au ichukuliwe. Nyingi zinafia hapo. Zinazopita zinasomwa na maofisa wa chini, na zinazobaki ndizo mkuu anazobeba nyumbani Ijumaa jioni. Studio ikipenda kitabu au skripti, mara nyingi hainunui papo hapo. Inalipa kama asilimia 10 ya bei iliyokubaliwa ili kuushikilia mradi kwa miezi 12 au 18, wakati mwandishi anafanya rasimu ya kwanza, masahihisho, kisha kupiga msasa. Muda ukiisha bila uamuzi, ama studio inalipa tena, ama mradi unarudi kwa mwenyewe.

Kosa la kwanza la watu wa upande wako wa meza ni kudhani kwamba "tunaipenda" ni jibu. Hilo ni neno la kipindi cha kushikilia tu. Jibu ni bajeti iliyosainiwa, tarehe ya kuanza kupiga, na mwongozaji mwenye mkataba.

Sasa Ladd aliionaje Star Wars? Kwa maelezo yake mwenyewe, skripti hakuielewa vizuri. Alichokielewa ni mtu. Mwaka 1973 alioneshwa American Graffiti kabla haijatoka, filamu iliyogharimu chini ya dola 800,000 ambayo wakubwa wa Universal hawakuichangamkia. Akaona mwongozaji wake, George Lucas, anayeweza kubana hela na bado akashika hadhira. United Artists na Universal walikuwa wamekwisha kuukataa mradi wa anga wa George Lucas. Ladd akafanya naye makubaliano ya awali: dola 50,000 za kuandika na 100,000 za kuongoza. Kwa studio hiyo ilikuwa hela ndogo, na uamuzi mkubwa wa kuruhusu filamu yenyewe ulibaki mbele.

Kuamini mtu kuliko karatasi ni mtindo ambao Ladd aliurudia. Mwongozaji Mel Brooks alipotaka filamu yake ya Young Frankenstein ipigwe kwa rangi nyeusi na nyeupe, Columbia walibisha juu ya rangi na juu ya bajeti. Ladd akaichukua, ikatoka 1974, ikaingiza hela nyingi. The Omen ilikuwa imeachwa na Warner Bros.; mwongozaji Richard Donner akaileta Fox, Ladd akaikubali, ikatoka 1976 kwa bajeti isiyofika dola milioni 3. Mradi ulioachwa namna hiyo una utaratibu wake: studio mpya inamlipa wa zamani gharama zote za uandishi pamoja na riba, na mara nyingi nyongeza ya gharama za ofisi. Kwa hiyo skripti iliyozunguka studio tatu inakuja na bili ndefu mgongoni hata kabla kamera haijawashwa. Hii ni sababu mojawapo ya skripti nzuri kukosa mnunuzi, na mwandishi mara nyingi haambiwi.

Kwenye filamu ya Alien, mchango wake ulikuwa swali moja. Skripti ilisema wahusika wanaweza kuchezwa na mwanaume au mwanamke. Ladd akapendekeza steringi, Ripley, awe mwanamke. Baadaye mwongozaji Ridley Scott alipoleta michoro yake ya kila tukio, Fox ikaongeza bajeti kutoka dola milioni 4.2 hadi 8.4. Hapa pana funzo la vitendo kuliko stori yote ya kipaji: bajeti iliongezwa kwa sababu bodi iliweza kuona kwa macho hela inakwenda wapi. Ukurasa uliochorwa unashawishi kuliko maneno kumi ya "itakuwa kubwa sana".

Hesabu wanayoifanya kabla ya saini

Bajeti ya studio ina pande mbili. Upande wa juu ni watu wa jina: haki za hadithi, mwandishi, prodyuza, mwongozaji, steringi. Upande wa chini ni kila kitu kingine, kuanzia kamera, seti, mavazi na magari mpaka chakula cha mafundi na maabara. Juu ya jumla inawekwa asilimia 10 ya dharura. Mkuu mzoefu anaanza kusoma upande wa chini, kwa kuwa wa juu umeshajadiliwa na mawakala na hauna siri. Anatafuta namba zilizonyooka mno. Usafiri dola 200,000 kamili maana yake hakuna aliyehesabu magari.

Halafu anapima ratiba dhidi ya kurasa. Kurasa 120 kwa kasi ya kurasa mbili na nusu kwa siku ni siku 48. Kila usiku ripoti ya uzalishaji inafika studio: kamera ilianza saa ngapi, shoti ngapi zimepigwa, kurasa ngapi zimekamilika, nani amelipwa muda wa ziada. Tuseme baada ya siku 10 zilitakiwa kurasa 25 na zimefika 18. Asiyejua ataona pungufu la kurasa saba, siku tatu hivi. Mkuu wa studio anaona kasi ya 1.8 kwa siku, yaani siku 67 badala ya 48. Kama siku moja inagharimu dola 100,000, ameshapungukiwa karibu dola milioni 1.9, na filamu haijafika hata robo. Simu anayopiga usiku huo inahusu kurasa: zipi zifutwe, zipi ziunganishwe, zipi zipewe kikosi cha pili cha kamera.

Star Wars ilipita hapohapo. Upigaji ulianza Tunisia Machi 1976, dhoruba ikaharibu seti, kisha kikosi kikahamia studio za Elstree karibu na London. Mafundi wa Uingereza kwa sheria za chama chao walisimamisha kazi saa 11:30 jioni, na muda wa chai ulikuwa wa chai. Ratiba ikateleza. Mwishowe Ladd akamwambia Lucas amalize ndani ya wiki moja hivi, vinginevyo Fox inafunga. Lucas akagawa kikosi mara tatu wakapiga kwa wakati mmoja. Bajeti iliyoanza kama dola milioni 8 ikaishia karibu 11. Wakati huohuo bodi ya Fox, ambayo tangu 1976 mmoja wa wajumbe wake alikuwa Princess Grace wa Monaco, ilikuwa ikiuliza huyu kijana anatengeneza nini. Kukata hela mkono mmoja na kutetea filamu kwa mkono wa pili, na mwongozaji asijue ukubwa wa vita vya juu, ndiko kulinda ninakokusema. Wengi wanaweza kimoja tu.

Mapato nayo yana hesabu yake, na hapa ndipo ile "lugha nyingine" unayoisikia inapozaliwa. Chukua mfano wa kubuni. Filamu imegharimu dola milioni 10 kutengeneza, na tiketi zimeuzwa dola milioni 40. Ushindi, si ndiyo? Twende taratibu.

Majumba ya sinema yanabaki na takriban nusu, kwa hiyo studio inapokea milioni 20. Kwenye hizo inajikatia ada ya usambazaji, tuseme asilimia 30, milioni 6. Zinabaki 14. Inatoa matangazo na kopi za filamu, milioni 8. Zinabaki 6. Sasa inarudisha gharama ya kutengeneza, milioni 10, na gharama za ofisi za studio, asilimia 15 ya hizo, yaani milioni 1.5. Filamu ina hasara ya milioni 5.5 kitabuni, hata kabla ya riba.

Lakini angalia fedha zenyewe. Zimeingia milioni 20, zimetoka 8 za matangazo na 10 za kutengeneza. Studio ina milioni 2 mkononi, na humo ndimo inamolipia ofisi zake. Aliyeahidiwa asilimia 5 ya "faida halisi" hapati hata senti, wala hakuna aliyemwibia kwa maana ya sheria, kwa sababu tafsiri ya faida iko kwenye viambatisho vya mkataba alivyosaini bila kuvisoma. Mwandishi Art Buchwald na prodyuza Alain Bernheim waliishitaki Paramount kwa Coming to America (1988), filamu iliyouza tiketi za zaidi ya dola milioni 280 duniani huku vitabu vikisema haina faida halisi. Mwaka 1990 jaji aliona sehemu za fomula hiyo ni za uonevu, na 1992 Buchwald akapewa dola 150,000, Bernheim 750,000. Tangu hapo wanasheria wameandika kwa uangalifu zaidi. Mpangilio wa makato haujabadilika sana.

Ndiyo maana mwigizaji mwenye nguvu haombi asilimia ya faida. Anaomba asilimia ya mapato kabla ya makato. Na ndiyo maana mwenye hela akikutajia "faida", swali lako la kwanza liwe: baada ya kutoa nini na nini?

Haki alizoziachia

Watu wengi wanamcheka Ladd, au tuseme Fox, kwa mkataba wa Lucas. American Graffiti ilipokwisha kuvuma, Lucas angeweza kudai malipo makubwa. Aliacha mshahara ulivyo, akaomba haki za mwendelezo na usimamizi wa bidhaa zenye jina la filamu. Fox ikakubali. Filamu ikafunguliwa tarehe 25 Mei 1977 katika majumba 32 tu, maana wenye majumba hawakuwa na hamu nayo, na ikawa ile tunayoijua. Mwendelezo wake wa 1980 Lucas aliugharamia mwenyewe kwa mkopo wa benki, Fox ikabaki msambazaji. Mwaka 2012 Disney iliinunua kampuni ya Lucas kwa dola bilioni 4.05.

Kwa maoni yangu kumcheka ni rahisi mno. Mwaka ule haki za bidhaa zilikuwa karibu na takataka. Fox yenyewe ilikuwa imeungua miaka michache nyuma na wanasesere na vikorokoro vya Doctor Dolittle (1967) vilivyododa madukani. Filamu za mwendelezo zilionekana kama kiporo cha bei rahisi. Ladd alikuwa na bajeti ambayo bodi haikuipenda. Kijana anapokubali kutoongeza dola 300,000 au 400,000 kwenye bajeti hiyo kwa kubadilishana na haki zisizo na bei, hesabu ya siku ile inasema kubali. Kilichokosekana ni mtu mmoja mezani wa kuuliza: hili likifanikiwa mara kumi, tutajuta nini? Hata kampuni ya Kenner iliyopewa leseni ya wanasesere haikutegemea. Krismasi ya 1977 iliuza maboksi yenye cheti cha kuahidi wanasesere watakaoletwa baadaye.

Na hapa, ndugu yangu wa Dar, kuna jambo lako. Enzi za DVD, kuuza masta Kariakoo kulikuwa ni kumkabidhi msambazaji kila kitu kwa hela moja: nakala, runinga, nje ya nchi, jina la filamu, mpaka sehemu ya pili. Aliyeuza hakuwa mjinga. Alikuwa na deni la lokesheni na waigizaji wanasubiri. Ila Lucas hakupewa haki zile kwa huruma. Alizinunua kwa kutodai nyongeza ya mshahara wake. Ukitaka kubaki na haki, jua utalipa nini badala yake, na kigawe kifurushi: mpe mnunuzi runinga ya Tanzania kwa miaka mitatu, baki na intaneti, au mpe vyote kwa miaka mitano, kisha virudi kwako. Neno "milele" likibaki kwenye mkataba, bei yake iwe tofauti kabisa na bei ya miaka mitano.

Mtindo uleule unapoharibikiwa

Ladd aliondoka Fox mwaka 1979, akitofautiana na mwenyekiti Dennis Stanfill, na mojawapo ya mambo yaliyogombewa ni marupurupu ya wasaidizi wake. Akaanzisha The Ladd Company pamoja na Jay Kanter na Gareth Wigan, wakitumia fedha na usambazaji wa Warner Bros. Mwanzo ulikuwa mzuri: walisambaza Marekani Chariots of Fire, iliyochukua Oscar ya filamu bora ya 1981. Halafu zikaja filamu tatu ambazo leo zinafundishwa vyuoni na wakati ule ziliikamua kampuni.

Blade Runner (1982) inafaa kuangaliwa kwa karibu. Mfadhili wa kwanza alijitoa miezi michache kabla ya kupiga. Prodyuza akashona fedha kutoka pande tatu: The Ladd Company kupitia Warner, Run Run Shaw wa Hong Kong, na kampuni ya Tandem, ambayo ndiyo iliyodhamini kwamba filamu itakamilika. Mdhamini wa ukamilishaji analipa bajeti ikizidi, na kwa kubadilishana anapewa kipengele kimoja kikali: hapa kilisema ikizidi kwa asilimia 10, anaweza kuichukua filamu mikononi mwake. Ikazidi. Tandem wakapata sauti ya mwisho. Majaribio mbele ya watazamaji wa Denver na Dallas yakarudi na fomu za watu waliochanganyikiwa, basi ikaongezwa sauti ya msimulizi na mwisho wa furaha ambao mwongozaji hakuutaka. Ikatoka Juni, wiki mbili baada ya filamu ya E.T., na haikurudisha gharama yake katika majumba ya Marekani. Kabla hujasaini na mdhamini wa aina yoyote, tafuta kipengele cha namna hiyo kwenye mkataba wako.

The Right Stuff (1983) iligharimu karibu dola milioni 27, ikashinda Oscar nne, ikauza tiketi za milioni 21 hivi nchini Marekani. Kumbuka ile hesabu ya nusu kwa nusu utaona ukubwa wa shimo. Once Upon a Time in America (1984) ya Sergio Leone ilikuwa na dakika 229 ilipooneshwa kwenye tamasha la Cannes. Kwa soko la Marekani kampuni ya Ladd ikaikata hadi 139 na kuipanga upya kufuata miaka, ikavunja hadithi na watazamaji hawakuja. Hili sioni pa kulitetea. Filamu ndefu inapunguza maonesho kwa siku, kutoka manne hadi mawili, na hofu hiyo ni ya kweli, lakini filamu iliyoandikwa kwa kurukaruka miaka hainyooshwi mezani mwa mhariri bila kubaki kifusi.

Mwaka huohuo, kichekesho chao cha Police Academy, kilichotengenezwa kwa chini ya dola milioni 5, kiliuza tiketi za dola milioni 81 Marekani. Kilikuja wakati uhusiano na Warner ulishachakaa.

Kuhusu kutodumu: wengi wao hawaondolewi kwa filamu moja mbovu. Wanaondolewa mwenye mali anapobadilika. Ladd alienda MGM mwaka 1985, akasimamia Moonstruck (1987) na A Fish Called Wanda (1988), kisha akajiunga na Pathé, kampuni ya mfanyabiashara Giancarlo Parretti, ambayo mwaka 1990 ilinunua MGM kwa fedha za kukopa. Mwaka 1991 wadai waliifikisha kampuni mahakamani wakitaka itangazwe kufilisika. Benki ya Crédit Lyonnais, iliyokuwa imekopesha, ikataka Ladd awe mtendaji mkuu, halafu ikamfikisha Parretti mahakamani Delaware na kumng'oa. Katikati ya vurugu hizo ndipo Thelma & Louise ilipotoka. Mkuu wa studio anaweza kuwa sahihi juu ya filamu na bado akakosa fedha za kulipia kopi. Mwaka 1993 benki ikamleta mtu mwingine, Ladd akaondoka.

Aliondoka lakini na kitu mkononi, na hiki ndicho kipengele ninachotaka ukiangalie kwenye mikataba yako. Mkuu wa studio akiondolewa, mara nyingi anamaliza na makubaliano ya kuwa prodyuza na ruhusa ya kuchukua baadhi ya miradi. Ladd alichukua miwili ambayo haikuwa na thamani kubwa machoni pa waliobaki: The Brady Bunch Movie na Braveheart. Zote zilienda Paramount, iliyokuwa chini ya Sherry Lansing. Braveheart ilikuwa ghali, basi Paramount ikachukua Marekani na Fox ikachukua nchi nyingine, kila mmoja akibeba sehemu yake ya hatari. Mwaka 1996 ilipata Oscar tano, na ya filamu bora ilikwenda kwa Ladd, Mel Gibson na Bruce Davey. Ladd alifariki Machi 2022, akiwa na miaka 84.

Kwa hiyo ukikaa tena mezani, nenda na vitu hivi: ratiba yenye kurasa kwa siku, bajeti yenye asilimia 10 ya dharura iliyoandikwa wazi, picha au michoro ya matukio mawili ya gharama kubwa, na karatasi moja ya makato inayoonyesha nani anatoa nini kabla ya faida. Ya mwisho wataikwepa; usiwaache. Na kwenye mkataba wa kushikilia skripti yako andika tarehe: ikifika mwezi wa 12 bila upigaji kuanza, na hawajalipa tena, skripti inarudi kwako, nawe utawarudishia gharama zao za uandishi siku utakayopata mfadhili mwingine, si siku inaporudi. Hilo la siku ya kulipa ndilo linalosahaulika. Likikosekana, skripti inarudi kwako na bili usiyoweza kuilipa, na inabaki kabatini kwao kwa jina lako.